Mrija Ukivunjika Kifuani, Fidia Haiji Yenyewe

Mgonjwa wa saratani anayedungwa dawa za kemotherapi miezi kadhaa mfululizo, mishipa ya mkono humchakaa. Ndiyo maana hupandikiziwa porti: kikopo kidogo chini ya ngozi ya kifua, chenye mrija mwembamba unaoingia katika mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo. Wengi hawapati tatizo. Wachache mrija huwavunjikia na kipande kikaingia moyoni au kwenye pafu. Wengine damu huganda au vijidudu huingia.

Nchini Marekani, kesi za porti za Bard, kampuni iliyonunuliwa na Becton Dickinson mwaka 2017, zilikusanywa Agosti 2023 katika mahakama ya shirikisho ya Arizona, mbele ya Jaji David Campbell. Wadai wanalaumu unga wa bariamu salfeti uliochanganywa kwenye plastiki ili mrija uonekane katika eksirei. Wanadai unga huo umeufanya mrija kuwa dhaifu na wenye mikwaruzo. Kampuni inakanusha.

Kwa nini mahakama inayasikiliza madai haya? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Riegel, kwamba kifaa kilichopita ukaguzi mkali kuliko wote wa serikali hukingwa dhidi ya madai mengi ya namna hii. Porti hizi zilipita njia nyepesi: kuonyesha tu kwamba zinafanana na kifaa kilichokwisha kuwa sokoni. Kwa vifaa vya njia hiyo, tangu uamuzi wa mahakama hiyohiyo katika kesi ya Lohr ya 1996, mlango wa kudai umebaki wazi.

Hata hivyo, kuumia peke yake si kesi. Mdai lazima aonyeshe kasoro ya kifaa au upungufu wa tahadhari aliyopewa daktari, kisha athibitishe kwamba hiyo ndiyo iliyomdhuru. Hapo ndipo pagumu. Saratani yenyewe hugandisha damu, na kemotherapi hushusha kinga. Wakili wa kampuni hatakosa kuyataja. Kipande cha mrija kilichovunjika ni shahidi mgumu zaidi kupingwa.

Kesi kukusanywa pamoja hakuna maana ya fidia moja kwa wote. Kila mdai hupimwa kwa gharama zake za matibabu, mshahara alioupoteza na maumivu yake. Mwaka 2018, mbele ya jaji huyuhuyu, mdai mmoja wa kifaa kingine cha Bard, kichujio cha kunasa damu iliyoganda, alipewa na jopo la raia dola milioni 3.6, zikiwemo za kuiadhibu kampuni.

Uliyeko Marekani na porti yako imeleta madhara, usikawie: majimbo mengi huweka ukomo wa miaka miwili au mitatu. Na kabla ya upasuaji wa kuitoa, omba kwa maandishi hospitali isiitupe, kisha chukua nakala ya rekodi yenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Ikishatupwa, kielelezo chako kikuu kimekwenda nayo.