Mikoko ya Mtangawanda na Ramani za Wananchi

Abiria atokaye Lamu kwenda kisiwa cha Pate hushukia Mtangawanda, mahali palipozungukwa na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti ya Lamu. Siku hizi wananchi wa nchi nyingi hujichorea ramani wenyewe, na iliyo mashuhuri kupita zote ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuiongeza au kuisahihisha. Basi lazuka swali: mahali penye mikoko, ambapo watu hukata boriti, paandikwe nini?

Ramani hiyo ina alama ya miti iliyojiotea, na alama nyingine ya msitu utunzwao kwa ajili ya mbao. Mikoko ina alama yake, nayo imewekwa katika fungu la ardhi ya majimaji, kwa kuwa maji ya bahari huifikia. Alama hiyo husema kweli juu ya kilichoota, lakini haisemi miti hiyo hutumiwaje, wala iko chini ya sheria gani.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yatengwe. La kwanza ni kilichoota: mkoko, mkandaa, mchu au mlilana. La pili ni matumizi: wapi hukatwa fito, pau, mazio na boriti. La tatu ni mpaka wa sheria, kwani mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Mpaka huo huchorwa peke yake, wala haufuati ukingo wa miti.

Faida ya kutenganisha ilionekana mwaka 2018, Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma. Wakataji wa Lamu walizuiwa, na baadaye wakaruhusiwa tena. Matumizi yalibadilika mara mbili. Msitu ulibaki msitu.

Hatari kubwa ni mchoraji wa mbali atazamaye picha iliyopigwa kutoka angani. Akiona pameng'aa, huandika kwamba ni uwanja mtupu. Lakini mkoko uliokatwa hauchipui kisikini. Huota upya kutokana na mche uangukao matopeni, na miaka hupita kabla haujaonekana kutoka juu. Wanawake wa Mtangawanda wamepanda mikoko palipokatwa, na miche ikiwa bado midogo haionekani katika picha. Ikiandikwa kuwa hakuna kitu, atafutaye kiwanja atapata hoja ya kudai kwamba hapakuwa na msitu.

Dawa yake si ngumu. Maji yakipwa, mchoraji na aende pamoja na wakataji na wapandaji, aulize majina ya mahali, aandike "msitu uliokatwa" au "miche iliyopandwa", na atie mwaka. Ramani iliyoandikwa hivyo itakuwa shahidi wa wenyeji siku mpaka utakapobishaniwa.