Nilichojifunza kwa kualikwa kwenye podikasti: kizibo kimoja kilimgharimu kijana robo ekari ya nyanya

Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia mdomo. Najua wengi wenu mnaolima kibiashara huku Kahama, Geita na Shinyanga mmeanza kualikwa kwenye redio na podikasti mwelezee mnavyolima. Ni jambo zuri, na mimi limenikuza. Ila limenikuza kwa kunichapa kwanza.

Mara ya kwanza nilialikwa na jamaa mmoja wa Kahama anayerekodi chumbani kwake, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Mada ilikuwa kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014 na ambaye kila mkulima wa nyanya anamjua kwa hasara. Nilijiandaa kama naenda kwenye mtihani. Nilitaka nionekane msomi. Nikamwaga maneno: kiambata amilifu, usugu wa wadudu, mzunguko wa viuatilifu. Mwenyeji wangu akanikatiza, akauliza swali la maana kuliko yote: "Sasa bwana shamba, mtu anaweka kiasi gani?"

Nikajibu haraka, bila kufikiri: "Vizibo viwili kwa pampu."

Kipindi kikatoka. Watu wakasifia. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Simu kutoka Katoro

Wiki ya tatu nikapigiwa simu na kijana mmoja wa upande wa Katoro. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo bwana shamba," kisha akasema, "nilikusikiliza, nikafanya ulivyosema, ila nyanya zimeungua."

Jumamosi nikapanda basi nikaenda. Robo ekari. Majani yamekauka kingo, maua yamepukutika. Kijana yule alikuwa amefanya kazi kwenye maduara ya dhahabu karibu miaka miwili, akaweka akiba, akaamua aachane na mashimo alime nyanya awauzie haohao wachimbaji. Hesabu yake ilikuwa nzuri, maana kwenye machimbo watu wanakula kila siku na nyanya haikosi mteja. Hela yote ya duara ilikuwa pale ardhini.

Nikamwomba aniletee kizibo alichotumia. Kilikuwa cha chupa ya lita moja. Tukakipima kwa bomba la sindano: karibu mililita 20. Kizibo nilichokuwa nacho kichwani siku ile ya kurekodi ni cha chupa ndogo, mililita 5. Na pampu niliyoifikiria mimi ni ya lita 20, yake ilikuwa ya lita 15.

Piga hesabu. Lebo ilisema mililita 10 kwa lita 20 za maji. Kwa pampu yake ya lita 15 alitakiwa aweke mililita 7.5. Yeye aliweka 40. Ni zaidi ya mara tano. Na hakukosea hata kidogo. Alifuata maneno yangu.

Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Sauti yako ilikuwa na uhakika, ndiyo maana sikusoma lebo."

Sentensi hiyo sijaisahau mpaka leo.

Kurudi kwenye kipaza sauti

Njiani narudi, nilikuwa na mawazo mawili. La kwanza: kaa kimya, nani atajua? La pili: kipindi kile bado kipo, na kila siku kuna mtu mpya anakisikiliza. Zamani ukikosea redioni maneno yalipeperuka. Podikasti hairuhusu hilo. Inakaa na kosa lako miaka.

Niliogopa wakubwa zangu kazini, niliogopa kuchekwa. Mwishowe nikampigia mwenyeji wangu, nikamwambia nataka kurudi kusahihisha. Tukarekodi dakika kumi, akaziweka mwanzoni kabisa mwa kipindi kile. Nikasema wazi: nilikosea, msipime kwa kizibo, na hii hapa hesabu sahihi.

Cha kushangaza, simu ziliongezeka. Watu walianza kuniuliza vitu ambavyo mwanzo waliona aibu kuuliza. Na siku nyingine nilipoulizwa jambo la pamba nisilolijua, nikasema, "Hilo sijui, nitawauliza wataalamu wa TARI Ukiriguru." Zamani ningebuni jibu.

Baadaye nilisoma habari za mtangazaji wa Kanada, George Atkins. Mwaka 1975 alikuwa Zambia, akakuta kuna mtangazaji aliyefundisha utunzaji wa plagi za trekta kwa wakulima ambao wengi wao hawakuwa na trekta. Mwaka 1979 akaanzisha mtandao wa kuwasaidia watangazaji wa vijijini, ambao leo ni Farm Radio International. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kosa langu na lile la plagi ni ndugu: tunajisikiliza wenyewe badala ya kumfikiria anayesikiliza.

Hata hapa kwetu, kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 haikuwaacha watu na redio tu. Walikaa kwa vikundi, wanasikiliza, wanajadili, wanaulizana. Mtu wa leo anasikiliza peke yake na simu shambani. Hana wa kumwambia, "Hebu subiri, kizibo gani hicho?" Kwa hiyo wewe mgeni ndiye unatakiwa uulize swali hilo kabla yake.

Ukialikwa, fanya hivi

1. Taja kipimo kinachopimika: mililita, kilo, sentimita. Kizibo, kopo na kiganja vinatofautiana. Bomba la sindano la duka la dawa ni bei ndogo.
2. Taja ukubwa wa pampu na ukubwa wa shamba. "Nilipata tenga 40" haina maana bila kusema ni ekari ngapi.
3. Sema hasara yako pia. Anayesikia faida tu ataingia na hela ya ada ya mtoto.
4. Mwambie msikilizaji asome lebo, ahakikishe kiuatilifu kimesajiliwa na TPHPA, na azingatie siku za kusubiri kabla ya kuvuna.
5. Kama hujui, sema hujui. Ukikosea, rudi usahihishe palepale ulipokosea.

Yule kijana alipanda tena msimu uliofuata, na nilimtembelea mara nne kwa nauli yangu. Si fidia, ila ndicho nilichoweza. Baadaye nilimwombea nafasi kwa mwenyeji wangu. Alikaa kwenye kiti kilekile, akataja gharama zake zote hadi ya kamba za kufungia nyanya, akataja na robo ekari iliyoungua. Hakunitaja jina, nikamwambia anitaje.

Siku hizi bomba la sindano halitoki kwenye begi langu. Nawe nunua lako kabla hujapiga dawa wiki hii.

Tukutane shambani.