Soya kwa Mgonjwa wa Figo

Leo tuzungumze juu ya soya. Wengi wetu huichanganya kwenye unga wa uji mtoto anapokonda, kwa kuwa ina protini nyingi. Basi baba au nyanya akiambiwa figo zake zimedhoofika, twamwongezea uji huo huo apate nguvu. Hapo tuwe waangalifu.

Figo ni chujio la damu. Mwili ukishatumia protini, hubaki taka ambazo figo huzitoa kwa mkojo. Figo pia hutoa madini ya potasiamu yanayozidi. Zikishindwa, potasiamu hujaa katika damu na yaweza hata kuusimamisha moyo. Kikombe kimoja cha soya iliyopikwa kina protini gramu 30 hivi, na potasiamu zaidi ya miligramu 800.

Je, soya ni marufuku? La. Protini yake ni bora, na fosforasi yake huingia mwilini kwa kiasi kidogo kuliko ile ya nyama. Fosforasi ikizidi huharibu mifupa. Kwa hivyo soya yaweza kuchukua nafasi ya nyama, lakini isiongezwe juu ya nyama.

Apewe kiasi gani? Ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huambiwa apunguze protini. Anayesafishwa huhitaji protini zaidi, kwani nyingine hupotea wakati wa kusafishwa. Usiige sahani ya mgonjwa wa jirani. Uliza kliniki yenu, wakiangalia majibu ya damu ya karibuni.

Unapopika, kumbuka haya:

1. Loweka soya usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mengi mapya, kisha uyamwage pia. Potasiamu hupungua. Katika uji wa unga, potasiamu yote hubaki ndani.

2. Usitie magadi. Yana sodiamu kama chumvi, nayo huongeza presha na uvimbe wa miguu.

3. Vipande vikavu vya soya vya pakiti, chagua visivyotiwa chumvi. Viloweke, uvikamue, umwage maji.

4. Epuka sosi ya soya. Kijiko kimoja cha mezani kina karibu nusu ya sodiamu inayomtosha mtu mzima kwa siku.

Mtoto mwenye afya aendelee na uji wake wa soya, mradi soya iwe imekaangwa au kupikwa ikaiva vizuri. Soya mbichi huzuia tumbo kusaga protini. Mgonjwa apikiwe sufuria yake.

Ukiona mgonjwa amelegea misuli, moyo unamwenda mbio au kuruka mapigo, anahema kwa shida au mkojo umepungua sana, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki.