Mila za Jamii ya TeX

Karibu kila mwaka, watu wanaopanga kurasa za vitabu kwa programu iitwayo TeX hukusanyika katika mji mmoja kwa siku kadhaa. Ni walimu wa hisabati, wanafizikia, wachapishaji, wachora herufi na mafundi wa kompyuta. Hawana kabila moja wala dini moja, lakini wana mzee wao, nembo yao, miiko yao na namna yao ya kumtuza aliyeona kosa. Hapa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, mila zao zinatuhusu. Mwalimu wa hisabati huenda steshenari na mtihani alioandika kwa mkono, akasimama nyuma ya mchapaji kumwelekeza kipeuo kianzie wapi na mstari wa sehemu uishie wapi. Hata hivyo hurudi shuleni akajazia kwa kalamu alama zilizokosekana.

Jamii hiyo ilizaliwa na shida ya aina hii. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliona kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake. Wachapaji walikuwa wameacha herufi za risasi na kuhamia mitambo ya picha, na hisabati yake ikatoka haitazamiki. Akaamua kuandika mwenyewe programu ya kupanga kurasa. Alidhani ingemchukua muda mfupi, ikamla miaka kumi hivi. Kisha akaitoa bure. Mwaka 1980 watumiaji wakaunda chama chao, TUG, na jarida lao, TUGboat, likaanza kutoka mwaka huohuo. Nembo yao ni simba aliyechorwa na Duane Bibby.

Mwiko wao mkuu unahusu jina. Yeyote ana ruhusa ya kuichukua TeX na kuibadili apendavyo, ila akishaibadili aipe jina jingine. Ndiyo maana leo kuna pdfTeX, XeTeX na LuaTeX, na TeX yenyewe imebaki ileile. Mwaka 1990 Knuth alitangaza kwamba hataiongezea kitu tena, atasahihisha makosa tu. Kila anaposahihisha, namba ya toleo huongezewa tarakimu moja ya pai. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Ameusia kwamba siku akifariki namba iwe pai kamili, na kasoro yoyote itakayokuwa imebaki isiguswe.

Anayegundua kosa hutuzwa. Knuth alikuwa akimwandikia hundi, na kwa makosa ya TeX kiasi kiliongezeka maradufu mwaka hadi mwaka mpaka kikafika dola 327.68. Wengi hawakuzipeleka benki. Walizitia kwenye fremu na kuzitundika ukutani. Katika jamii nyingi anayemwonyesha mkubwa kosa lake huonekana mkorofi. Hawa wamemfanya mtu wa kuheshimiwa, na kwao imethibitika kwamba penye wengi hapaharibiki neno.

Mikutano ndiyo inayozilea mila hizi. Huko Poland, tangu mwaka 1993, watumiaji hukutana kando ya ziwa Bachotek mwanzoni mwa Mei. Hulala katika nyumba za mbao msituni, mchana wanafundishana, usiku wanakoka moto na kuimba. Mgeni anayeketi motoni hapo huweza kujikuta bega kwa bega na mtu aliyeandika programu anayoitumia kila siku, akamweleza ana kwa ana kinachomsumbua.

Mkutano mkuu wa TUG uliwahi kufika Afrika: Novemba 2006, Marrakesh, nchini Moroko. Wenyeji walionyesha namna ya kupanga hisabati ya Kiarabu, inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kabla ya hapo, mwaka 1993, Jörg Knappen alieleza katika TUGboat fonti alizochora kwa ajili ya lugha za Afrika, zenye herufi kama ɓ na ɗ za Kihausa. Herufi hizo ziliingia katika kazi ya jamii kwa sababu kuna mtu aliyezitafutia nafasi. Nasi tuna la kupeleka. Kinyaturu cha hapa Singida, ambacho Howard Olson alikiandikia tasnifu mwaka 1964, kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Anayetaka kukichapa sawasawa anahitaji alama ambazo kibodi ya steshenari haina.

Thiruvananthapuram, kusini mwa India, palikuwa mwenyeji wa mkutano huo mkuu mwaka 2002, kisha mwaka 2011. Mji huo una kampuni zinazopanga kwa TeX kurasa za majarida ya kisayansi ya Ulaya, na baadhi ya vijana wake wanaishi kwa kazi hiyo.

Programu hii bado ni bure, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Walimu wetu tayari wanakutana kutunga mitihani ya ujirani mwema. Waongeze siku moja katika kikao hicho, wamwalike na mchapaji wa steshenari, wafundishane TeX, na kila mwaka warudie. Jamii ya Knuth imedumu zaidi ya miaka 40 kwa desturi hiyo ya kukutana, na hakuna kinachotuzuia kuianzisha Mandewa.