Senti 62 na Nusu za Mwitikiaji

Redio za setilaiti na za intaneti nchini Marekani hulipia haki ya kupiga muziki uliorekodiwa. Katika kila dola 100 zinazogawanywa kutokana na malipo hayo, fungu la waitikiaji ni dola 2.50. Wakiwa wanne kwenye wimbo, kila mmoja anapata senti 62 na nusu.

Kazi inayolipwa hivyo ni kubwa. Watazame ndugu wanne wa ukoo wa Waters wa Los Angeles: Julia, Maxine, Luther na Oren. Mwaka 1975 walitoa albamu yao chini ya Blue Note, lakini jina walilipata kwa kuitikia nyimbo za wengine. Julia, Maxine na Oren wanasikika katika wimbo unaofungua Thriller ya Michael Jackson, albamu ya 1982 ambayo kufikia 2021 ilikuwa imepewa platinamu 34 Marekani, sawa na nakala milioni 34.

Kwa nini watayarishaji huwapenda ndugu? Studio hulipiwa kwa saa. Waliolelewa nyumba moja hutamka irabu kwa namna moja na wamezoea pumzi za wenzao, hivyo sauti zao hushikana upesi na marudio hupungua. Saa zinazookolewa ni fedha, ila faida humwendea mwenye bajeti. Mwitikiaji hulipwa kwa saa au kwa wimbo. Mkataba wa chama chao, leo SAG-AFTRA, huongeza kiasi mauzo yakifikia viwango fulani, lakini hampi mirabaha kama ya mwimbaji mkuu.

Ndiyo maana sheria ya 1995 kuhusu malipo hayo ya redio za setilaiti na intaneti ina uzito. Iliweka mgawo huu kwa kila dola 100:

- mwenye rekodi: 50
- mwimbaji mkuu: 45
- wapiga ala wa kukodiwa: 2.50
- waitikiaji: 2.50

Katika mfano wetu wa wanne, mwimbaji mkuu anapata mara 72 ya mwitikiaji mmoja. Hata hivyo, fungu hilo dogo likijumlishwa lina maana: katika dola bilioni moja, waitikiaji wanatengewa milioni 25.

Tatizo ni mipaka ya sheria hiyo. Msikilizaji anapochagua wimbo mwenyewe mtandaoni, fedha hufuata mikataba, si mgawo huu. Redio za kawaida za Marekani huwalipa watunzi na wachapishaji; kisheria waimbaji hawapati hata senti, wawe wakuu au waitikiaji.

Filamu ya 20 Feet from Stardom, iliyowaonyesha ndugu wa Waters, ilishinda Oscar mwaka 2014. Sifa waliistahili, lakini mgawo ulibaki vilevile. Sheria imekwisha kukiri kwamba sauti ya mwitikiaji ni sehemu ya mali ya wimbo. Basi imfuate mpaka kwenye redio ya kawaida, maana huko nako wimbo haupigwi bila sauti yake.