Ufunguo wa Duka la Mtandaoni

Mfanyabiashara akodiye ghala Shimanzi huuliza kwanza: ufunguo uko kwa nani, paa lavuja, lori litapita? Lakini twaona dada zetu watangazao mabuibui na viungo kwenye tovuti wakiuliza rangi na picha tu, mengine wakamwachia fundi.

Tovuti nayo ni ghala. Jina lake halinunuliwi milele. Hulipiwa kwa muda, na muda ukipita duka hufungika, hata mwingine aweza kulichukua. Likiandikishwa kwa jina la fundi, machoni pa msajili mwenyewe ni fundi. Picha nzito humlia mteja bando, akaondoka kabla ya kuiona bei. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilidorora hadi kwetu. Ajuaye hayo halaumu tangazo lake, wala hapunguzi bei bure.

Basi kabla ya kulipia tangazo, tuulize: jina limeandikishwa kwa nani, litalipiwa tena lini, na nakala ya akiba iko wapi? Majibu tuyaandike daftarini, yakae nyumbani kwa mwenye mali.