Kupanga Sehemu za Klasi kwa Mashini

Mwenye kuandika programu kwa lugha ya Java hukusanya thamani na maagizo yake mahali pamoja, paitwapo klasi. Klasi ikikua, kutafuta kitu ndani yake ni taabu. Ndiyo sababu vihariri kama Eclipse vina amri ya kuvipanga vyote kwa taratibu ya A B C, mfano wa majina katika daftari la mahudhurio.

Lakini mtego upo. Tuutazame mlima wetu Hanang, wenye kimo cha mita zipatazo 3,420. Mwandishi ameandika kwanza mita = 3420, kisha futi = mita * 3.28. Mashini ikipanga, F hutangulia M. Basi futi inahesabiwa kwa mita ambayo bado haijatajwa. Java hukataa papo hapo, na afadhali ikatae! C++ yaweza kukubali, ikatoa kimo cha ajabu.

Maagizo hayana shida: Java haijali lipi limetangulia. Hatari imo katika thamani zinazotegemeana. Kwa hiyo Eclipse huziacha thamani mahali pake, isipokuwa mwenyewe achague zipangwe nazo.